Nakala ya Tano

Studio ya baba iko Hetauda, mkabala na ofisi ya pasipoti:
chumba kimoja, pazia jeupe, stuli ya kuzunguka,
na koti la buluu msumarini
kwa wasiokuja na la kwao.
Macho ya baba yameingia ukungu,
basi mpigapicha ni mimi.
Nyoosha shingo. Funga mdomo. Masikio yaonekane.
Picha nne, rupia mia mbili.

Mwanzoni niliona koti tu,
lilivyowapwaya wasichana wa milimani,
mikono imemezwa hadi kucha,
nami nikilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo
ili kwa mbele wafanane na watu wanaosafiri.

Kisha nikamwona anayelipa.
Walimwita Mama. Kwa Kinepali mama ni mjomba,
kaka wa aliyekuzaa.
Mtu mpole, ana karanga ndani ya karatasi,
huwagawia, hunigawia na mimi.
Mwezi wa tatu nikajiuliza
huyu dada zake ni wangapi,
na wamewazaa lini wote hawa.

Baba akasema: Jharana, sisi tunauza picha,
hatuuzi maswali.
Na ni kweli, nyuso zile zililipa kodi ya chumba,
na dawa ya macho,
na kalamu hii.

Fomu wanajazia mezani kwangu.
Siku moja nikazisoma juu chini:
wasichana watatu, vijiji vitatu, tarehe moja ya kuzaliwa.
Wa mwisho alihesabu kwa vidole mwaka aliotakiwa kuzaliwa,
akakosea, akacheka.
Mama naye akacheka, akamsahihisha.
Nikamuuliza, unakwenda wapi?
Akalitamka jina la nchi taratibu,
kama mtu anayejaribu kiatu.
"Kulea mtoto," akasema. "Nyumba ina lifti."

Usiku ule nikaanza kuiba.
Nachapa tano, nawapa nne.
Ya tano naitia kwenye kopo la biskuti,
nyuma yake nimeandika kwa penseli: siku, kijiji, koti.
Kufikia Tihar, maua ya manjano yakiuzwa njia nzima,
kina dada wakiwapaka kaka zao rangi kwenye paji la uso,
kopo lilikuwa na thelathini na mmoja.
Hakuna aliyerudi kupiga nyingine.
Watu hurudi. Wa leseni, wa harusi, wa shule,
hurudi.

Halafu akaingia Sunmaya,
tuliyekaa dawati moja mpaka darasa la saba,
akalivaa koti bila kuambiwa.
Nilisogeza taa kushoto, kidogo tu,
kivuli kikamlalia shavuni,
na ofisi ikazikataa picha.
Wakarudi. Nikamvizia akipepesa macho.
Wakarudi. Safari hii Mama hakuleta karanga.
Akaniambia kwa upole uleule,
"Binti, studio ziko nyingi."

Siku tatu. Hizo ndizo nilizonunua kwa kujifanya mjinga.

Kituoni, polisi alikuwa anakunywa chai naye.
Nikapita kama niliyetumwa chumvi.
Nikapanda basi la Birgunj, kopo mapajani,
mpaka kwenye kibanda cha mabati pale mpakani
ambapo wanawake wawili husimamisha riksho
na kuuliza: huyu ni nani wako?

Yule mkubwa alizipanga picha mezani kama karata.
Chai yake ikapoa.
Akaigusa moja kwa ukucha.
"Huyu aliketi hapo ulipoketi."
Nikasubiri aguse nyingine.
Hakugusa.

Akafungua daftari. "Anza."
"Koti la buluu," nikasema. "Wote koti la buluu."
"Sikuulizi koti. Majina."

Nikaigeuza ya kwanza, nikaigeuza ya pili.
Siku, kijiji, koti.
Siku, kijiji, koti.
Thelathini na wawili,
na jina nililolijua ni moja.